Lami ya Chenga: Kuzipima Istilahi za Barabara katika Njia ya Zamani ya Misafara

Madhumuni ya makala haya ni kuyapima maneno machache ambayo mtafsiri, mwalimu na mtumishi wa serikali hawana budi kuyatumia wanapotakiwa kueleza kwa Kiswahili kazi moja: kuyachukua matairi chakavu ya magari, kuyasaga, na kuutia mpira wake katika lami ili barabara idumu. Kazi yenyewe si ngeni duniani. Charles McDonald, mhandisi wa jiji la Phoenix katika jimbo la Arizona, Marekani, aliianza katika miaka ya 1960 alipokuwa akitafuta kiraka kitakachonyumbuka bila kupasuka juu ya barabara zilizochakaa. Afrika Kusini imeitumia tangu miaka ya 1980. Kwa hiyo maandishi yake ni mengi na miongozo ipo, na siku ya kuitafsiri haiko mbali. Hatudai kwamba barabara za Tabora zimekwisha kujengwa kwa lami ya namna hiyo. Tunalouliza ni hili: itakapojadiliwa kama zijengwe hivyo au zisijengwe, je, Kiswahili tukitumiacho sasa kitawawezesha wananchi, mafundi na watumishi kuelewana juu ya kitu kimoja?

Tumechagua kuyapimia maneno haya katika Tabora na njia ya zamani ya misafara kwa sababu njia hiyo imekwisha kutufunza jinsi maneno yanavyosafiri. Ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika Tabora na kuishia Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, mwendo wa kilomita zipatazo 1,200. Pamoja na pembe na nguo, ilichukua maneno. Mpagazi na kirangozi ni maneno yaliyotembea na Wanyamwezi waliobeba mizigo na kuiongoza misafara. Hongo ilikuwa ada iliyotozwa mchana kweupe na mtemi kwa msafara uliopita katika nchi yake. Mirambo wa Urambo alipoifunga njia mwaka 1871, ushuru wa njia ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyogombewa. Leo hongo ni kosa la jinai. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha kila siku, kikipimwa kwa kibaba. Leo ni fedha ya mtumishi aliye safarini. Hatusemi kwamba mabadiliko hayo ni mabaya, maana lugha iliyo hai hubadilika. Tunasema kwamba neno huweza kubadilishiwa mzigo njiani, na anayelipokea mwisho wa safari asipoufungua mtumba, hajui amepokea nini. Neno lami ni neno la namna hiyo.

1. Lami moja, vitu vitano

Katika usemi wa kila siku, lami hubebeshwa vitu visivyopungua vitano. Kwanza, ni kile kitu cheusi kinachonata, kibakicho baada ya mafuta ghafi kukenekwa na kutolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli. Pili, ni kitu kingine cheusi kinachofanana na hicho lakini kitokanacho na makaa ya mawe. Tatu, ni mchanganyiko wa kokoto, mchanga na kile kitu cha kwanza, unaopikwa mtamboni na kuletwa kwa malori. Nne, ni uso wa barabara wenyewe: tunasema gari limeingia kwenye lami, au limeacha lami. Tano, ni ule uchafu mweusi ulio katika moshi wa tumbaku. Hili la tano si la kupuuzwa katika mkoa wa Tabora, ambako Urambo, Kaliua na Sikonge hulima tumbaku. Mkulima aelezwapo kwamba sigara ina lami, na siku hiyo hiyo aahidiwe kwamba kijiji chake kitaletewa lami, lugha imemtendea mzaha ambao haikuukusudia.

Walakini mzaha si hoja yetu. Hoja ni kwamba kitu cha kwanza na cha pili vina hatari zisizolingana. Kile cha makaa ya mawe kimethibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Kile cha mafuta ghafi kina mvuke unaodhuru macho na mapafu, na kikiwa cha moto huunguza vibaya, lakini hakikuwekwa katika daraja moja na mwenziwe. Mtafsiri wa kanuni za usalama akiviita vyote viwili lami, ama atamtisha kibarua pasipo sababu, ama atamnyima onyo alilostahili kupewa. Yote mawili ni makosa ya mtafsiri, wala si ya kibarua.

Watumishi wa serikali nao wameliongezea neno hili mzigo mwingine kwa usemi ambao sasa umeenea katika hotuba na taarifa: kujenga barabara kwa kiwango cha lami. Usemi huu una faida yake, kwa kuwa huitofautisha barabara hiyo na ya udongo au ya changarawe. Kipande cha kilomita 85.4 kati ya Nyahua na Chaya, katika barabara itokayo Tabora kuelekea Itigi, kilipozinduliwa mwaka 2022, kila aliyesikia habari yake alielewa kwamba vumbi na matope vimekoma hapo. Lakini kiwango ni kipimo, na lami ni kitu. Kusema kiwango cha lami ni kama kusema nyumba imejengwa kwa kiwango cha saruji: tumetaja kilichotumika, hatukutaja kimetumika kiasi gani, kwa unene gani, wala kwa njia gani.

Ndipo yakaja maneno mengine mawili ya kujaribu kuziba pengo hilo, lami nyepesi na lami nzito. Haya nayo yanapotosha, kwa sababu humfanya msikilizaji adhani kwamba tofauti ni ya uzito. Sivyo. Katika ile iitwayo nyepesi, lami ya moto hunyunyizwa juu ya tabaka lililoshindiliwa, kisha kokoto humwagwa juu yake na kushindiliwa. Mara nyingi kazi hiyo hufanywa mara mbili. Katika ile iitwayo nzito, kokoto, mchanga na lami huchanganywa zikiwa za moto mtamboni, ndipo mchanganyiko ukatandazwa na kushindiliwa. Tofauti ni ya kutenda, nayo ingetajwa kwa vitenzi: lami ya kunyunyiza na lami ya kuchanganya. Mwananchi aliyesimama kando ya barabara anaweza kuona kwa macho yake kama lami inanyunyizwa au imekuja ikiwa imechanganywa. Hawezi kuona uzito. Istilahi inayompa mwananchi kitu cha kuona humpa pia nguvu ya kuuliza.

Kwa hiyo tunapendekeza mzigo wa lami upunguzwe. Lami ibaki jina la kile kitu cha kwanza, kitokanacho na mafuta ghafi, kwa kuwa ndicho kinachotumika zaidi na ndicho watu wengi wanachokifikiria. Wapo watakaotaka tulete neno bitumini badala yake. Hatuoni haja. Kulikopa neno la kigeni kwa ajili ya kitu chenye jina ni kukinunua mara mbili. Kile cha makaa ya mawe kiitwe katrani, neno lenye asili ya Kiarabu ambalo maana yake ndiyo hiyo hiyo ya utomvu mweusi upatikanao kwa kuchoma. Na uchafu wa moshi wa sigara uwe katrani ya tumbaku. Mchanganyiko wa kokoto na lami uitwe zege la lami, kwa mfano wa zege la saruji, maana saruji ndani ya zege na lami ndani ya mchanganyiko huo hufanya kazi moja, ya kushikamanisha. Uso wa barabara uitwe tabaka la lami inapobidi kusema kwa usahihi. Katika mazungumzo ya kawaida watu wataendelea kusema lami, nasi hatuna ugomvi nao.

2. Mpira na chenga zake

Tukija kwenye mpira, tatizo ni hilo hilo kwa sura nyingine. Mpira ni kitu cha kuchezea, ni mchezo wenyewe, ni bomba laini la kumwagilia bustani, na ni ile mali asili iliyogemwa kutoka katika mimea ya msituni na baadaye mashambani, ambayo mwanzoni mwa karne ya 20 ilikuwa miongoni mwa bidhaa kubwa zilizouzwa nje kutoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Tairi si mpira mtupu. Ndani yake mna mpira wa asili na mpira wa viwandani, salfa iliyoufunga, nyaya za chuma, nyuzi za nguo, na masizi mengi, ambayo ndiyo yaliyolipa tairi weusi wake na ugumu wake. Tunalitaja neno masizi kwa makusudi. Wapo wanaodhani kwamba kiungo hiki cha kiwandani chahitaji jina refu la kikemia. Lakini ni masizi, yaliyotengenezwa kwa uangalifu, na mpishi yeyote wa kuni anayajua.

Matairi yakishakusanywa, hukatwa, hutolewa chuma na nyuzi, kisha husagwa hadi kupata vipande vidogo sana, aghalabu visivyozidi milimita moja au mbili. Vipande hivyo tuviiteje? Hapa mtafsiri huvutwa na maneno mengi. Makombo hayafai, maana hayo ni mabaki ya chakula, na yana harufu ya dharau. Unga haufai, kwa sababu unga ni laini usioonekana chembe. Chembe limekwisha kuchukuliwa na fizikia na elimu ya viumbe. Punje ina mwelekeo wa kitu kizima kilichoota hivyo, kama punje ya mtama, ilhali hiki kimevunjwa.

Lipo neno sokoni ambalo limekaa likingoja kuitwa, nalo ni chenga. Katika wilaya za Nzega na Igunga, ambako mpunga hulimwa, na katika kila duka la nafaka nchini, mnunuzi huuliza kama mchele una chenga. Chenga ni mchele uliovunjika mashineni. Ni kitu kile kile kilichokuwa kizima, sasa kimevunjwa vipande vidogo visivyolingana, na hutenganishwa kwa kuchekecha. Kila sifa ya hicho tukitafutacho imo ndani yake, pamoja na kuchekecha, kwa kuwa kazi hii ya barabara hudai chenga zipimwe kwa chekecheke za matundu mbalimbali.

Hata hivyo lipo shimo mbele. Tukitafsiri moja kwa moja tutapata chenga za mpira, na hakuna Mswahili atakayeyasikia maneno hayo akafikiria barabara. Atafikiria mchezaji aliyempita mlinzi. Mwalimu wa ufundi atakayeyaandika ubaoni atapoteza nusu ya kipindi akilinyamazisha darasa. Dawa ni rahisi: tuseme chenga za tairi. Maneno hayo yanasema kitu kimetoka wapi, nayo ni sahihi zaidi kuliko chenga za mpira, kwa kuwa ndani yake mna masizi na salfa pia. Mfano huu una funzo kwa kila mtunga istilahi. Neno moja moja laweza kuwa jema, na yakiungana mawili yakaleta kitu cha tatu kisichotakiwa. Istilahi haipimwi kwenye kadi. Hupimwa kwa kusemwa mbele ya watu.

Hali kadhalika kuhusu jina la zao lenyewe. Yapo maandishi yanayopenda kusema lami iliyoboreshwa. Tunalikataa jina hilo. Kuboresha ni sifa, na istilahi haipaswi kusifu kabla kitu hakijapimwa. Zaidi ya hayo, lami huweza kuongezewa vitu vingi vya viwandani ili ibadilike tabia, na vyote hivyo vingedai jina hilo moja. Wengine watasema lami ya mpira, kisha wapate shaka kwamba msomaji atadhani lami hiyo imetengenezwa kwa mpira mtupu. Shaka hiyo haina msingi katika lugha yetu. Tunasema wali wa nazi, chai ya maziwa, mkate wa ufuta, wala hapana anayedhani kwamba wali wa nazi hauna mchele. Kiunganishi hiki cha -a kwa desturi hutaja kilichotiwa ndani. Basi na tuseme lami ya chenga, na panapohitajika ukamilifu, lami ya chenga za tairi.

3. Kitenzi kiwezacho kuharibu barabara

Mpaka hapa tumezungumzia majina. Hatari kubwa zaidi imo katika kitenzi, maana jina baya huchanganya akili, lakini kitenzi kibaya huongoza mkono.

Mtafsiri asomapo kwamba chenga hutiwa katika lami ya moto, yenye joto la nyuzi 175 hadi 205 za Selsiasi, na kukorogwa kwa muda wa dakika 45 hadi saa moja, kalamu yake itamkimbilia yeyusha. Ataandika: mpira huyeyushwa katika lami. Sentensi hiyo ni nyepesi kusoma, na ni ya uongo.

Tairi halikutengenezwa kwa mpira mbichi. Tangu Charles Goodyear alipogundua mwaka 1839 kwamba mpira ukipashwa moto pamoja na salfa hubadilika tabia, mpira wa kazi ngumu hufungwa kwa njia hiyo ili usilainike kwa joto wala kukakamaa kwa baridi. Mpira uliofungwa hivyo hauyeyuki. Utiwapo katika lami ya moto, hufyonza yale mafuta mepesi yaliyomo ndani ya lami, hulainika, na huvimba mara kadhaa kuliko ulivyokuwa. Lami iliyobaki nayo, baada ya kunyang'anywa mafuta hayo, huwa nzito zaidi. Hapo ndipo nguvu inapotoka: chenga zilizovimba, zikiwa zingali chenga, zimekaa ndani ya lami nzito, nazo hunyumbuka na kurudi kila gurudumu linapopita juu yake.

Kiswahili kina maneno ya jambo hili, nayo yako jikoni. Maharage yaliyolowekwa hufyonza maji, hulainika na kuvimba, lakini hubaki maharage. Hayajayeyuka kama sukari iyeyukavyo katika chai, wala kama samli iyeyukavyo motoni. Kitenzi yeyuka chenyewe kimekwisha kuwa na kazi mbili, ya sukari na ya samli, na mpira wa tairi haufanyi mojawapo. Basi tuseme chenga hulowekwa katika lami ya moto, hufyonza mafuta na kuvimba.

Kwa nini jambo hili si ubishi wa maneno tu? Fikiria msimamizi wa kazi aliyepewa mwongozo wenye kitenzi yeyusha. Atachungulia ndani ya tangi baada ya saa moja, ataona chenga bado zipo, naye kwa utii kamili wa maandishi ataongeza moto na muda ili ziyeyuke. Zikipikwa kupita kiasi, chenga huvunjika. Zile nguvu zilizoufunga mpira hukatika, mchanganyiko unakuwa mwepesi tena, na faida iliyotafutwa hupotea. Kinyume chake, akiacha kukoroga kwa kudhani kwamba kilichoyeyuka hakiwezi kutengana, chenga zitazama chini ya tangi, maana ni nzito kuliko lami. Msimamizi huyo hakukosea hatua hata moja. Aliyekosea aliketi ofisini na kamusi.

Kosa hilo litaonekana baada ya muda, nalo litaonekana mahali pabaya. Nchi ya Unyamwezi ina mbuga nyingi, yaani mabonde mapana ya udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Barabara ikatizayo mbuga husukumwa kutoka chini kila mwaka, na jua huichoma kutoka juu. Lami ya kawaida itumikayo sana katika ujenzi huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hivi, na uso mweusi wa barabara wakati wa jua kali hupita hapo. Hatudai kwamba chenga za tairi ni tiba ya udongo mbaya. Msingi mbovu hautengenezwi kwa kuupamba juu. Tunalosema ni kwamba pale wahandisi watakapoamua kuitumia lami inayonyumbuka, itakuwa aibu kubwa kama haikunyumbuka kwa sababu ya kitenzi.

4. Njia ya majimaji isiyo na maji

Mtego wa nne ni mdogo, lakini ni mfano bora wa madhara ya kufasiri neno kwa neno. Wahandisi huzigawa njia za kutumia chenga katika mbili. Katika ya kwanza, chenga huchanganywa na lami kwanza hadi zivimbe, ndipo lami hiyo ikakutanishwa na kokoto. Chenga hapo kwa kawaida hazipungui asilimia 15 ya uzito. Katika ya pili, iliyoanzia Sweden, chenga hutiwa miongoni mwa kokoto, kama sehemu ya kokoto, kisha lami ikamwagiwa vyote pamoja. Kwa lugha ya kigeni, majina ya njia hizo yakifasiriwa neno kwa neno ni njia ya majimaji na njia kavu.

Katika njia ya majimaji hamna maji hata tone. Na si kwamba hayahitajiki tu, bali ni hatari: maji yakiingia katika tangi la lami yenye joto la nyuzi 180, hugeuka mvuke ghafla, na lami hufura na kumwagika juu ya waliopo. Kumwandikia fundi kwamba atumie njia ya majimaji ni kumwekea neno la hatari katika sentensi ya kumwelekeza kazi. Tunapendekeza majina yatokane na utaratibu wenyewe: njia ya lami kwanza, na njia ya kokoto kwanza. Fundi akilisikia jina, amekwisha kujua chenga zaingia wapi.

5. Kurejeleza, na yasiyo kurejeleza

Mwisho tuliangalie neno lenye kupendwa sana siku hizi, kurejeleza. Limeingia katika taarifa za mazingira kwa haraka, na sasa kila taka isiyotupwa husemwa kwamba imerejelezwa. Kwa tairi moja tu tunaweza kuonyesha kwamba mambo ni zaidi ya moja.

Tairi kipara likivishwa mpira mpya juu yake hurudi kuwa tairi. Hilo ni kuvisha upya. Tairi likikatwa na fundi na kufanywa makatambuga, mpira haukubadilika, umebadilishiwa kazi. Hilo ni kutumia tena, na watu wetu wamelifanya kwa miaka mingi bila kungoja mradi. Jina lenyewe la kiatu hicho linasema kazi yake, kukata mbuga, wala halikutungwa na kamati. Tairi likichomwa katika tanuri ili litoe joto, halikurejelezwa wala kutumiwa tena. Limechomwa, hata kama joto hilo lina faida. Tairi likisagwa kuwa chenga, limerudishwa katika hali ya malighafi, na hapo ndipo neno kurejeleza linapostahili.

Mtumishi anayeandaa takwimu akiyaweka yote manne chini ya neno moja, takwimu zake hazitamwambia mtu lolote. Tena atamdhulumu fundi wa makatambuga kwa kutoihesabu kazi yake, au atampamba mwenye tanuri kwa sifa isiyo yake.

6. Pingamizi mbili

Yapo mawili tuliyozoea kujibiwa. La kwanza ni kwamba wahandisi huandika na kusoma kwa lugha ya kigeni, kwa hiyo istilahi hizi ni pambo. Jibu letu ni kwamba barabara haijengwi na wahandisi peke yao. Wanaokoroga, wanaopima joto, wanaonyunyiza na wanaoshindilia huelekezwa kwa Kiswahili, hata pale ambapo mkataba umeandikwa vinginevyo. Tena tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Ikitokea kesi juu ya barabara iliyochimbika, wakili atasimama na kuuliza: lami iliyoahidiwa ni ipi, ya kunyunyiza au ya kuchanganya? Chenga zilivimba au ziliungua? Hakimu atahitaji maneno yenye mipaka. Hayawezi kutungwa asubuhi ya kesi.

La pili ni kwamba maneno ya sokoni na jikoni hayana heshima ya kisayansi. Hili tunalikataa kabisa. Utaratibu unaojulikana wa kutunga istilahi hututaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za jamaa zake, kabla ya kubisha hodi ng'ambo. Ikulu lilikuwa neno la makazi ya mtemi, na leo hakuna anayeliona kuwa halina heshima. Heshima ya neno hutokana na kazi lililopewa na uangalifu wa wanaolitumia.

7. Mapendekezo

Kwa hiyo tunayaweka mbele ya wasomaji maneno yafuatayo ili yajaribiwe darasani, ofisini na kazini:

Lami: kitu cheusi kinachonata kitokanacho na mafuta ghafi, kinachoshikamanisha kokoto.

Katrani: kitu cheusi kitokanacho na makaa ya mawe, katrani ya tumbaku, kwa kile kilicho katika moshi wa sigara.

Zege la lami: mchanganyiko wa kokoto, mchanga na lami.

Lami ya kunyunyiza. Lami ya kuchanganya: badala ya lami nyepesi na lami nzito.

Chenga za tairi: vipande vidogo vya tairi lililosagwa na kuchekechwa. Chenga hizi, si chenga za mpira.

Lami ya chenga: lami iliyotiwa chenga za tairi zikafyonza mafuta yake na kuvimba.

Kuloweka, kufyonza, kuvimba: badala ya kuyeyusha na kuyeyuka.

Njia ya lami kwanza. Njia ya kokoto kwanza: badala ya njia ya majimaji na njia kavu.

Kuvisha upya, kutumia tena, kuchoma, kurejeleza: kila moja kwa kazi yake.

Na usemi wa kiwango cha lami, kama hauwezi kuachwa, basi ufuatwe daima na maelezo ya aina ya lami na unene wa tabaka. Hilo halihitaji azimio. Lahitaji tu mwandishi wa taarifa aongeze maneno matano.

Hatuyatoi haya kama amri. Baadhi yatakubaliwa na mengine yatatupwa, na tutafurahi zaidi kupata barua ya fundi mmoja wa Nzega au Urambo akituambia kwamba kazini kwao wana neno bora kuliko chenga, kuliko kupata pongezi kumi za watu wasiowahi kusimama karibu na tangi la lami. Mwalimu na ajaribu darasani, mtafsiri na ajaribu katika mwongozo wake, na mtumishi na ajaribu katika taarifa yake ya robo mwaka. Kisha watuandikie waliyoyaona.